Ushanga Mweupe wa Yusta

"Nguo ya bibi haivaliwi na mtu, na kila asubuhi imelowa."

Yusta hakufikiri hata kidogo. "Wavu wa ukungu."

"Lo! Mapema hivyo?" Namkunda akacheka, akapiga paja. "Nami nilidhani nimekukamata."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda sebuleni kwa Mrindoko, magoti yake yakigusana na ya mtoto. Hivyo ndivyo alivyokaa katika kila nyumba ya kijiji cha Ngazi tangu aanze utafiti wake. Wenzake wa afya ya jamii waliingia kwa watu na maswali: unapigwa, hupigwi, unakula, huli. Yeye aliingia na vitendawili. Mtoto akitegewa kitendawili hujisahau, na akishajisahau husema yaliyomo moyoni bila kujua kwamba amesema.

"Haya, sasa tega wewe."

Yusta akatazama kwanza mlango wa jikoni. Alikuwa wa darasa la pili, mwembamba, nywele zimesukwa vizuri. Kwenye kifundo cha mkono alivaa uzi wenye ushanga mmoja, kama watoto wote wa pale. Ushanga wake ulikuwa mweupe kama tui la nazi.

"Kitendawili."

"Tega."

"Natoka nyumbani bila kufungua mlango."

"Moshi," akasema Namkunda.

"Siyo."

"Harufu ya kitunguu. Hapana, ngoja. Sauti ya redio!"

"Siyo, siyo."

"Basi nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Tanga."

Yusta akatikisa kichwa. "Tanga watu wote wanaitoa. Siitaki."

"Nakupa Moshi, na mlima wake."

"Si yako. Nipe mji ulio wako."

Namkunda akafungua mdomo kumjibu kwa mzaha, lakini Mrindoko akatokea jikoni na sinia la chai na viazi vitamu. Huyu ndiye baba wa Yusta, fundi wa nyavu za ukungu zinazonasa maji ya kijiji, mtu wa maneno mengi na kicheko. Alimlea mtoto peke yake tangu mkewe afariki, na Ngazi nzima ilimsifu.

"Yusta, umeshaanza kumnyang'anya dokta miji? Utaacha watu walale wapi?"

Akajikwaa kwenye mkeka. Sinia likamponyoka, likagonga sakafu ya saruji kwa kishindo, vikombe vikapasuka. Namkunda aliruka kigodani akashika kifua. Mrindoko mwenyewe aliruka.

Yusta hakuruka. Hakupepesa hata jicho. Alikaa vilevile na mikono yake mapajani, anatazama ukutani kama mtu anayesubiri mvua ipite. Ushanga haukubadilika.

"Unaona?" Mrindoko akacheka huku akiokota vigae. "Huyu ni mtulivu, dokta, hana makuu. Ndiyo maana Jumamosi mnatupa lile bango. Nyumba nyeupe kuliko zote!"

"Ndiyo," akasema Namkunda. Moyo wake ulikuwa bado unadunda. Akautazama tena ule ushanga, na kwa mara ya kwanza hakuupenda.

*

Nyumba za Ngazi zilijengwa juu ya matuta ya milima ya Upare, moja juu ya nyingine, tangu tambarare ya chini ilipokuwa haikaliki tena kwa joto. Ukitoka kwa Mrindoko unashuka hatua chache tu, uko mlangoni kwa Bibi Elipina. Bibi alikuwa barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua uso.

Karibu naye, kwenye rafu ya mlango, palikuwa na bakuli la chumvi. Kila nyumba ya Ngazi ilikuwa nalo. La Bibi Elipina lilikuwa limefunikwa kifudifudi, na buibui alishafuma utando juu yake.

"Mama, mbona bakuli limefunikwa?"

"Linafanya nini likiwa wazi? Jirani yangu ni nyumba nyeupe. Si ninyi mliosema?"

Namkunda akaketi kwenye ngazi ya baraza. Hakualikwa, lakini aliketi.

Bakuli hilo ndilo lililomfanya awe mtu mbele ya watu. Alipokuwa mtafiti kijana alizunguka milima hii akiuliza kwa nini katika baadhi ya vijiji watoto hawaumizwi sana kama katika vingine. Akakuta jambo dogo. Palipokuwa na jirani anayesikia kelele, akachukua bakuli tupu, akaenda kubisha hodi, "Naomba chumvi kidogo," hapo mkono ulioinuliwa ulishuka. Jirani hakuuliza kitu, wala hakutoa hukumu. Alipewa chumvi, akasimama kidogo kuzungumzia hali ya hewa, na hasira ikapoa wakati huo huo. Chumvi ilikuwa kisingizio, na kila mtu alijua ni kisingizio, na kwa hiyo hakuna aliyeaibika.

Lakini majirani husinzia. Husafiri. Wengine hawasikii vizuri. Ndipo Namkunda na mafundi wake wakatengeneza ushanga. Ulisoma jasho la mtoto na mapigo ya damu yake. Hofu ilipompanda, ushanga uligeuka mweusi, na kengele ikalia katika nyumba ya jirani wa karibu, kwa sauti ndogo ambayo yeye tu aliisikia. Jirani akachukua bakuli, akaenda. Nyumba ambayo ushanga wa mtoto wake haukugeuka iliitwa nyeupe. Ilikuwa kazi nzuri. Watoto waliokuwa wakipelekwa zahanati wamevunjika mikono, hawakupelekwa tena.

"Unasikia kitu kule juu?" Namkunda akauliza taratibu.

"Mimi ndiye wa kukuuliza, dokta. Nikisikia, masikio yangu yana ruhusa?"

"Mama..."

"Mwaka juzi, mahindi yakiwa mabichi, nilisikia mkanda. Mkanda una sauti yake, haufanani na mtu anayekung'uta mkeka. Kengele haikulia safari hiyo. Nikasema, kengele na isilie, mimi nina masikio. Nikachukua bakuli nikaenda. Mrindoko akanifungulia huku anatabasamu. Akanijazia chumvi, akanisindikiza. Kesho yake wakaja vijana wako na vishikwambi vyao. 'Bibi umevamia nyumba nyeupe.' Wakanikatia zamu ya maji. Mimi, kwa umri huu, nikaomba maji kwa watu."

Kanuni ile Namkunda aliiandika mwenyewe. Kabla ya kengele kulikuwa na waliotumia mabakuli kuchungulia ndoa za watu, kuwafuatafuata wajane, kukomoana. Akaandika: asiende mtu mahali kengele haikulia. Akaiona ni haki, tena akajivunia.

"Na mtoto," akauliza, "unamsikia akilia?"

Bibi Elipina aliacha maharage. Sasa alimtazama.

"Mwanzoni alilia. Siku hizi nasikia mkanda tu."

*

Ofisini, Namkunda alifungua kwenye kioo cha kompyuta kumbukumbu za ushanga ambazo hakuwa ameziangalia kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna aangaliaye mahali pasipo na tatizo. Hofu ya Yusta ilichorwa kama mstari. Mwanzoni ulipanda na kushuka kama milima yenyewe. Kisha ukanyooka, kama kamba ya kuanikia nguo.

Mstari huo alikuwa ameuonyesha kwenye mikutano. Alisimama mbele ya wageni, akauelekezea kidole, akasema, "Huyu ni mtoto aliyepona." Wakapiga makofi.

Bwana Mgonja aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Ndiye afisa aliyetumwa na serikali kuzipeleka shanga kwenye milima mingine yote. Jumamosi ilikuwa siku ya uzinduzi. Alimsikiliza Namkunda mpaka mwisho, kofia yake mkononi.

"Mtoto mmoja, dokta."

"Mmoja niliyemwona. Ushanga unasoma hofu, Mgonja. Mtoto aliyepigwa mpaka hofu ikamwisha hausomeki. Anafanana kabisa na mtoto mwenye raha. Nami nimewaambia majirani wasiende kwake."

"Mtoe huyo mtoto kimya kimya. Tafuta sababu nyingine. Tuzindue Jumamosi, halafu utarekebisha polepole."

"Na walio kama yeye?"

"Hujui kama wapo."

"Ndilo linaloniumiza."

Mgonja akaketi. Alipozungumza tena, ule ukali wa ofisini ulikuwa umemtoka. "Namkunda, unamjua mjukuu wangu, Kandida. Mkwe wangu alikuwa na mkono mwepesi. Kengele ililia kwa jirani, akaja na bakuli, akakuta mtoto ameshawekwa kichwa ndani ya pipa la maji. Kama si kengele yako, leo ningekuwa namtembelea kaburini. Ukisimama Jumamosi ukasema shanga zinadanganya, watu watazikata zote. Na za akina Kandida pia. Hao utawajibu nini?"

Namkunda alitafuta jibu. Alitafuta kwa dhati, kama mtu anayepapasa ufunguo ndani ya mkoba.

"Sijui," akasema.

"Basi usiseme kitu."

*

Asubuhi watoto walipanga foleni ya ndoo kandoni mwa ndiva, lile bwawa la zamu ambalo wazee wa Upare walianza kulichimba kabla ya mtu yeyote kukumbuka. Yusta alikuwa amejitenga kidogo, amekalia ndoo yake, anaangalia vyura.

Namkunda akachuchumaa karibu yake. Magoti yalilia.

"Nimekuja kulipa deni la jana. Nimekuletea mji."

"Upi?"

"Ngazi."

Yusta akageuka. "Yote?"

"Yote. Toka nyavu za juu mpaka shule ya chini. Huo ndio wangu, sina mwingine."

Mtoto akafikiri kama mfanyabiashara anayekagua ng'ombe. "Na ndiva?"

"Na ndiva."

"Na kengele?"

Moyoni Namkunda akamwona Kandida, akaliona lile pipa la maji. Akawaona watoto wote ambao kengele iliwafikia kwa wakati, na wale watakaokuwa wamechelewa kufikiwa. Halafu akautazama ushanga mweupe kwenye mkono ule mwembamba.

"Na kengele," akasema.

Yusta akajiweka sawa, akaanza kama inavyotakiwa. "Nilikwenda Ngazi, nikakaribishwa. Nikapewa makande, nikala nikashiba. Nikaoga ndiva, nikalala kitanda cha dokta. Asubuhi watu wakaniuliza, nini kinatoka nyumbani bila kufungua mlango? Nikawaambia..." Sauti ikapungua. "Nikawaambia, ni mimi."

"Wewe?"

"Baba akivua mkanda, mimi natoka. Nakuja huku kuangalia vyura. Mwili unabaki kule. Akimaliza narudi."

Vyura waliendelea kulia kwenye majani. Mtoto mwingine kwenye foleni alicheka kitu chake.

"Huogopi, mjukuu wangu?"

"Zamani. Kengele ikalia, bibi akaja na bakuli, akapewa chumvi, akaondoka. Mlango ulipofungwa baba akasema, ikilia tena atanipiga mara mbili." Yusta akauzungusha ushanga wake kwa kidole gumba, taratibu, bila uchungu wowote. "Kwa hiyo nikajifunza isilie."

Namkunda aliinyanyua ile ndoo iliyokuwa bado tupu, akamshika mtoto mkono, wakashuka wote wawili kwa Bibi Elipina. Bibi aliwaona kwa mbali wanavyokuja. Hakuuliza. Aliingia ndani akatoka na kigoda cha tatu.

*

Jumamosi watu walijaa uwanja wa shule. Bango la Mrindoko lilikuwa limefunikwa kitambaa cha bluu. Mrindoko mwenyewe hakuwepo. Watu wa ustawi wa jamii walishamchukua, na minong'ono ilikuwa imeenea kama moto wa majani.

Namkunda alipanda jukwaani na bakuli tupu mkononi. Hakumtaja Yusta. Alisema kwamba ushanga unamwona mtoto anayeogopa, haumwoni aliyeacha kuogopa. Alisema kanuni ya kutokwenda ni yake, na ni mbaya, na imekufa leo. Kisha akasema kengele za Ngazi zitanyamaza, kwa sababu masikio yaliyopewa kengele yamelala, na yeye hajui namna nyingine ya kuyaamsha.

Uwanja ukalipuka. Mama mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akasogea mpaka chini ya jukwaa.

"Mume wangu amebadilika kwa sababu ya kengele! Usiku nalala kwa sababu ya kengele! Wewe unanyamazisha, halafu unakwenda kwako kulala. Mimi nakwenda wapi?"

"Nisaidie kusikiliza," akasema Namkunda.

"Nisikilize nani? Mimi ndiye niliyekuwa nikipigwa!"

Kicheko kimoja kilitoka nyuma kikafa palepale. Namkunda aliushika ukingo wa bakuli. Alijua kwamba mama yule amesema kweli tupu, na kwamba hakuna kitu katika bakuli lake cha kumpa.

"Nitakuja mimi," akasema mwishowe. "Nyumba yako nitaizungukia mimi mwenyewe."

"Na za wengine?"

Namkunda akashuka jukwaani na bakuli lake.

Mgonja hakumtazama tena. Juma lililofuata alishuka na makasha ya shanga na kengele kuzipeleka milima mingine, na kanuni ikiwa ndani yake, mstari kwa mstari kama Namkunda alivyoiandika. Ofisi ilipewa mtu mwingine. Jina la Namkunda lilibaki kwenye makasha.

*

Masika ilipoanza, Namkunda alikuwa ameshakuwa mtu wa kutembea. Alipita matuta na bakuli lake, anasimama, anasikiliza, anaendelea. Baadhi ya watu walimsalimia. Baadhi walifunga madirisha. Kuna mtoto mmoja wa matuta ya chini alivunjwa mkono wakati Namkunda yuko matuta ya juu. Kengele ingemfikisha mtu. Alikwenda kumwona zahanati, akakaa kando ya kitanda, mama wa mtoto akageukia ukuta mpaka alipoondoka.

Siku moja saa za kupika mchana, mvua ikinyesha, alisikia kilio.

Hakikuwa kilio cha kawaida. Kilianza chini, kama mtu anayejaribu mlango uliokwama, kisha kikatoka chote kwa mkupuo. Kilitoka kwa Bibi Elipina, anakoishi Yusta siku hizi. Namkunda akakimbia kadiri magoti yalivyomruhusu, akateleza kwenye tope, akainuka.

Alipofika, baraza lilikuwa limejaa. Mwalimu wa shule alikuwa pale na bakuli la plastiki. Yule fundi viatu wa tuta la pili, ambaye hakuwahi kumsemesha mtu, alikuwa na kikombe. Na yule mama wa uwanjani, mtoto mgongoni, kanga kichwani inachuruzika maji, alikuwa ameshika kibakuli cha bati.

"Naombeni chumvi kidogo tu," fundi viatu alikuwa anasema, anaangalia miguu yake.

"Haya, haya, lakini mtanimaliza!" Bibi Elipina alikuwa anagawa kwa kijiko, mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alimkumbatia Yusta, aliyekuwa analia amejificha kwenye kanga yake. "Ni mfuniko tu, jamani! Mfuniko wa sufuria umeanguka. Mtoto ameshtuka. Ameshtuka, mnasikia? Ameogopa!" Naye bibi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, wala hajifuti.

Namkunda aliutazama mkono wa mtoto. Yusta alikuwa amekataa kuuvua ushanga, akisema ni wake. Ulikuwa mweusi tititi. Hakuna kengele iliyolia mahali popote, na watu walikuwa wamejaa mlangoni.

Akangoja zamu yake. Mmoja mmoja walipewa, wakasema kidogo kuhusu mvua, wakaondoka. Yule mama wa uwanjani alipopita karibu naye hakumsalimia, lakini alisogea kumpa nafasi. Mwisho akabaki yeye, ananyoosha bakuli lake.

Bibi Elipina akainamisha chungu cha chumvi ili aone ndani.

"Imekwisha, mwanangu," akasema. Haikuwa kwa ubaya. "Umechelewa."

"Ndiyo, mama. Nimechelewa."

Akageuka kuondoka. Ndipo kitu kikamvuta gauni. Yusta, macho yamevimba, kamasi zinamtoka, alikuwa ameingiza mkono kwenye chungu, anakwangua chini kwa kucha. Akatoa chembe chache, akaziweka katikati ya bakuli.

"Hodi hukubisha," akamwambia kwa kwikwi.

"Nilisahau."

"Kesho ubishe."

Namkunda akalifunika bakuli kwa kiganja chake, mvua isije ikaziyeyusha, akaanza kupanda matuta polepole, anasikiliza kila mlango.